NANI AINGIE UWANJANI?
Somo la ushindi, kushindwa na subira kutoka Sudan Kusini



Kila timu ya taifa inapotoka kwenda kushindana ugenini, huondoka na wachezaji wachache na kuacha nyuma walimu wengi. Walimu hao hawana filimbi, hawajawahi kuketi kwenye benchi la timu, wala jina lao halimo katika barua yoyote ya uteuzi. Hao ni mashabiki. Timu ikishinda, husema kocha ameona mbali. Timu ikishindwa, husema kocha ni kipofu. Na siku zote, timu ishinde au ishindwe, swali lao ni lile lile: kwa nini fulani alianza, na kwa nini fulani alibaki benchi?

Swali hilo si la kupuuzwa. Katika mpira wa kikapu ni swali zito kuliko katika michezo mingi, kwa sababu wanaoingia uwanjani ni watano tu, na mtu mmoja kati ya watano ni sehemu kubwa ya nguvu yote. Na kwa jirani mmoja wa Afrika Mashariki, yaani Sudan Kusini, swali hilo kwa miaka ya karibuni limekuwa zito zaidi. Nchi hiyo ilikuwa na timu changa, kocha mgeni, na kijana mmoja wa miaka kumi na sita aliyetazamwa na taifa zima kama mtu atazamavyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Yafaa kwanza ikumbukwe Sudan Kusini ni nchi gani. Ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mwezi Desemba 2013 ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mapatano ya kuvimaliza yakatiwa saini Septemba 2018, ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Katikati ya misukosuko hiyo, mwezi Aprili 2016, nchi hiyo ilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mambo yake si mambo ya mbali. Ni mambo ya ndugu wa jumuiya moja, anayepakana na Uganda, Kenya na Kongo, na ambaye watoto wake wengi wamekulia katika nchi hizo kama wakimbizi.

Na timu yake ya mpira wa kikapu ni picha ya historia hiyo. Kiongozi wa shirikisho la mchezo huo, Ndugu Luol Deng, alizaliwa Wau, akakimbilia Misri akiwa mtoto, kisha Uingereza, na hatimaye akacheza kwa miaka mingi katika ligi kuu ya Marekani, hasa na timu ya Chicago Bulls. Huko Misri mmoja wa waliomfundisha mchezo huu alikuwa marehemu Manute Bol, yule mrefu wa ajabu, ambaye alitumia sehemu kubwa ya mali yake kuwasaidia watu wake mpaka alipofariki mwaka 2010. Mchezaji wa kati, Wenyen Gabriel, alizaliwa Khartoum na kukulia Marekani. Wengine walizaliwa au kulelewa katika makambi ya wakimbizi, ikiwamo kambi ya Kakuma nchini Kenya, kisha wakapelekwa Australia. Wakati timu hii inakwea kutoka chini, nchi yao haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa kufanyia mazoezi ya kiwango cha kimataifa. Ilibidi timu ya taifa ijiandae katika nchi za watu, ikiwamo Rwanda.

Timu ya namna hiyo ndiyo aliyokabidhiwa Bwana Royal Ivey, Mmarekani, mchezaji wa zamani na kocha msaidizi katika ligi ya nchi yake. Mwaka 2021 aliifikisha robo fainali ya mashindano ya Afrika mjini Kigali. Mwaka 2023 akaipeleka Kombe la Dunia kule Manila, Ufilipino. Na hapo ndipo mjadala ulipoanza kuwaka.

Mchezo wa kwanza wa Manila, Sudan Kusini ilishindwa na Puerto Rico kwa pointi 101 kwa 96, baada ya muda wa nyongeza. Kisha ikaifunga China 89 kwa 69. Ikapigwa vibaya na Serbia, 115 kwa 83. Ikawashinda wenyeji Ufilipino 87 kwa 68, na siku ya mwisho ikaishinda Angola, mfalme wa miaka mingi wa mchezo huu barani Afrika, kwa pointi 101 kwa 78. Kwa ushindi huo ikawa timu bora ya Afrika katika mashindano yale, na ikapata tiketi ya moja kwa moja kwenda Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Nchi ambayo ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepata nafasi ambayo mataifa ya zamani yaliikosa.

Katika kikosi hicho alikuwamo kijana aitwaye Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek mwezi Septemba 2006, akakulia Kawempe, kitongoji cha Kampala nchini Uganda, ambako familia yake ilikimbilia. Alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, yaani akiwa amechelewa. Lakini Mungu alimjalia kimo kinachozidi mita mbili na sentimita kumi, na miguu myepesi kwa mtu wa kimo hicho. Akachukuliwa na chuo cha mchezo huo kilichoko Saly, nchini Senegali. Alipoingia uwanjani Manila alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na saba, mmoja wa wachezaji wenye umri mdogo kabisa kupata kucheza Kombe la Dunia.

Ni rahisi kuona kwa nini mashabiki waligawanyika. Upande mmoja walisimama waliosema: kijana huyu ndiye kesho ya nchi, basi apewe leo yake. Mwacheni acheze, akosee, ajifunze. Kukaa benchi hakujamfundisha mtu kuogelea. Na hawa hawakukosa ushahidi. Walitaja kijana wa Slovenia, Luka Doncic, ambaye klabu ya Real Madrid ilimwingiza uwanjani akiwa na miaka kumi na sita mwaka 2015, na akiwa na miaka kumi na minane alikuwa miongoni mwa nguzo za timu ya taifa lake iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2017. Walitaja Ufaransa, iliyomtegemea Victor Wembanyama akiwa na miaka ishirini katika Olimpiki ya Paris, naye akafunga pointi 26 katika fainali.

Upande wa pili walisimama waliosema: taifa halifanyi majaribio mbele ya dunia. Wako watu wazima waliobeba timu hii tangu ilipokuwa haijulikani. Wako kina Gabriel, Nuni Omot, Bul Kuol, Marial Shayok na wenzao. Hao wanajua mchezo unavyobadilika katika dakika ya thelathini na nane, wakati mikono inatetemeka na mwamuzi hatazami vizuri. Kijana atakua, lakini mechi ya leo ikipotea, haitarudi.

Na walikuwapo wa tatu, ambao hawakuwa na neno juu ya kijana wala juu ya wazee, ila walimlalamikia kocha kwa kumtegemea mno mpanga mashambulizi wake, Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani aliyepewa uraia. Kanuni za mchezo huruhusu kila taifa mchezaji mmoja wa namna hiyo. Hawa waliuliza: je, tunajenga timu yetu au tunaazima ya watu?

Wasikilizaji, kabla ya kuwahukumu mashabiki, au kumhukumu kocha, ni vema kuutazama ugumu wa kazi yenyewe. Mechi ya kimataifa ya mpira wa kikapu huchezwa kwa dakika arobaini. Watu watano wanakuwa uwanjani wakati wote. Tano mara arobaini ni mia mbili. Basi kocha anaingia katika mechi akiwa na dakika mia mbili za kugawa, wala hapati hata moja ya ziada mpaka matokeo yawe sare. Wachezaji wake ni kumi na wawili. Kama angegawa sawasawa, kila mmoja angepata dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Lakini hakuna vita vilivyopata kushindwa au kushinda kwa kugawa sawasawa. Kila dakika anayopewa kijana imetoka katika mfuko wa mtu mzima. Kila dakika anayoachiwa mtu mzima imetoka katika kesho ya kijana. Kocha hana ghala la siri. Anayemtaka aongeze hapa, ni lazima pia amwambie apunguze wapi.

Tena, makosa matano yanamtoa mchezaji nje ya mechi. Kijana mrefu anayelinda kikapu, akiwa hajazoea hila za watu wazima, anaweza kuvutwa katika makosa mawili kwa muda mfupi tu. Mkongwe anajifanya anaruka, kijana anaruka kweli. Mkongwe anajigonga kwake, filimbi inalia. Hapo kocha hufanya hesabu mpya, na shabiki aliye nyumbani huona tu kwamba mtoto wake ametolewa.

Tazama pia hesabu ya Paris. Sudan Kusini ilianza Olimpiki tarehe 28 Julai 2024. Kabla ya mechi, waandaaji walikosea na kupiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Vijana wale walisimama wima, mikono vifuani, mpaka kosa liliposahihishwa. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, ile ile iliyowaumiza Manila mwaka mmoja nyuma. Tarehe 31 Julai wakashindwa na Marekani 103 kwa 86. Tarehe 3 Agosti wakashindwa na Serbia 96 kwa 85.

Katika mashindano yale, timu mbili za kila kundi zilisonga mbele, pamoja na timu mbili bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Sudan Kusini ilikuwa ya tatu katika kundi lake. Brazil na Ugiriki, nazo za tatu katika makundi yao, zilikuwa na ushindi mmoja vilevile. Ikaamuliwa kwa tofauti ya pointi. Brazil ilikuwa imefungwa pointi saba zaidi ya ilizofunga. Ugiriki nane. Sudan Kusini kumi na saba. Kama Sudan Kusini ingeshindwa na Serbia kwa pointi moja tu badala ya kumi na moja, ingelikuwa juu ya Ugiriki, nayo ingeliingia robo fainali.

Hapo ndipo penye fundisho. Shabiki aliyesema, “Mechi hii na Marekani imekwisha kupotea, basi waingizwe vijana wapate uzoefu,” alisema jambo lenye huruma na lenye akili, lakini hakuwa ameihesabu gharama. Katika mpango ule, hapakuwa na mechi iliyokwisha kupotea. Kushindwa kwa pointi kumi na saba na kushindwa kwa pointi saba ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Kila kikapu cha dakika ya mwisho, hata katika mechi iliyokwisha kuamuliwa, kilikuwa kinahesabiwa mahali fulani. Kocha alilijua hilo. Kwa sababu hiyo dakika za Maluach zilitolewa kwa kipimo, kama maji ya safari ya jangwani.

Wala isidhaniwe kuwa malalamiko ya namna hii ni ya nchi maskini na timu changa pekee. Kocha wa Marekani katika Olimpiki ile, Bwana Steve Kerr, alikuwa na wachezaji kumi na wawili ambao kila mmoja angeweza kuwa nahodha wa taifa lake. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Serbia hakumwingiza kabisa Jayson Tatum, ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi ya Marekani na timu yake ya Boston. Kelele zikazuka kutoka pwani hadi pwani. Katika mechi ya pili, dhidi ya Sudan Kusini, Tatum akaanza, na safari hii aliyekaa benchi kwa dakika zote arobaini alikuwa Joel Embiid, jitu la kati lililowahi kuchaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Kwa nini? Kwa sababu ya Sudan Kusini. Siku kumi na moja kabla, mjini London, timu hizo mbili zilicheza mechi ya kirafiki. Sudan Kusini iliongoza kwa pointi kumi na sita wakati wa mapumziko. Carlik Jones, yule yule aliyelalamikiwa, alifikisha tarakimu mbili katika pointi, katika kudaka mipira inayorudi, na katika pasi za kufungia. Ilimlazimu LeBron James kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane ili Marekani iokoke kwa pointi 101 kwa 100. Mapigo ya mwisho ya Sudan Kusini hayakuingia. Lakini somo lilikuwa limeingia. Kerr aliona kwamba wapinzani hawa wana mbio, wanapiga kutoka mbali, na wanamvuta mtu mzito atoke mahali pake. Basi walipokutana tena alipanga watu wepesi, na aliyefunga zaidi upande wake alikuwa Bam Adebayo, aliyetoka benchi na kupata pointi 18.

Hiyo, kwa hakika, ni heshima kubwa kuliko makofi. Taifa lenye uwezo wote wa mchezo huo lilibadilisha safu yake kwa ajili ya nchi isiyokuwa na uwanja wa ndani. Na ni jibu pia kwa mashabiki wanaodhani kwamba mchezaji bora ni bora kila siku na mahali popote. Safu haipangwi kwa majina. Hupangwa kwa kumtazama adui, ardhi, na kazi ya siku ile. Tatum huyo huyo hakucheza tena katika nusu fainali dhidi ya Serbia, ambayo Marekani ilishinda kwa taabu 95 kwa 91. Siku mbili baadaye, tarehe 10 Agosti, Marekani ikaishinda Ufaransa 98 kwa 87 na kuchukua dhahabu. Dhahabu ilinyamazisha kelele. Lakini je, kama mapigo ya Stephen Curry yasingeingia katika dakika za mwisho, uamuzi ule ule usingeitwa ujinga? Uamuzi ulikuwa mmoja. Matokeo ndiyo yangeubatiza jina.

Kwa sababu hii mtu mwenye busara haupimi uamuzi kwa matokeo peke yake. Huuliza: kocha alijua nini wakati ule? Alikuwa na nani mkononi? Alikuwa na lengo gani? Askari wanalielewa jambo hili kuliko raia wengi. Kamanda anaweza kufanya uamuzi sahihi akapoteza mlima, na mwingine akafanya uamuzi wa kubahatisha akauchukua. Chuo cha kijeshi hakimfundishi mwanafunzi kumuiga mwenye bahati.

Pamoja na hayo, haifai kuwanyamazisha mashabiki. Wanaosema vijana wapewe nafasi wanalinda jambo la kweli. Ipo hatari ya kocha kuwazoea watu wake wa siku zote mpaka akasahau kwamba nao wanazeeka. Ipo hatari ya kijana kukaa benchi mpaka moto wake ukazimika. Timu isiyoandaa warithi hufa siku moja na nahodha wake. Lakini upande wa pili nao unalinda jambo la kweli. Kijana ana mifupa inayokua, na moyo ambao haujawahi kupigiwa kelele na watu elfu ishirini. Kumtupa katikati ya moto kwa sababu umati unapiga kelele si kumpenda. Historia ya mchezo huu ina mifano. Thon Maker, naye mzaliwa wa Wau, aliyepitia Uganda na Australia, alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa ligi ya Marekani mwaka 2016, akitoka moja kwa moja shule ya sekondari, huku akitangazwa kama ajabu ya karne. Miaka mitano baadaye alikuwa amekwisha toka katika ligi ile. Sababu za mambo kama hayo huwa ni nyingi, na si haki kumlaumu mtu mmoja. Lakini hapana shaka kwamba sifa zilimfika kabla ya wakati.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko katika mjadala wenyewe, bali katika namna ya kujadili. Katika nchi iliyotoka vitani, orodha yoyote ya majina inaweza kusomwa kwa macho mawili. Yako macho yanayosoma: huyu analinda kikapu, huyu anapiga kutoka mbali. Na yako macho yanayosoma: huyu ni wa kabila gani, huyu baba yake alikuwa upande gani. Siku mashabiki watakapoanza kuhesabu dakika kwa makabila, timu itakuwa imekwisha, hata kama ina makocha kumi. Timu ya Sudan Kusini imekuwa na thamani kubwa kwa nchi yake kwa sababu ni mahali ambapo mtu wa Wau, mtu wa Rumbek, mtoto wa Kakuma na mtoto wa Khartoum wanapeana pasi bila kuulizana ukoo. Mjadala wa nani aanze unaweza kuwa dalili ya afya ya taifa. Maana watu wanaobishana juu ya mlinzi wa kikapu, kwa muda ule, hawabishani juu ya bunduki.

Wasikilizaji wa majeshi, mambo haya hayaishii katika viwanja vya Lille na Manila. Majeshi ya Afrika Mashariki yamekuwa nyumba ya mchezo huu kwa muda mrefu. Kenya inayo Ulinzi Warriors, timu ya majeshi yake ya ulinzi. Rwanda inayo APR, klabu ya jeshi. Tanzania inazo timu za JKT. Katika kila kambi yenye kikapu kimoja kilichofungwa kwenye mlingoti wa chuma, yuko sajini anayefundisha jioni, na yuko kuruta mrefu aliyetoka kijijini ambaye bado hajui mahali pa kuweka miguu yake. Na pembeni, juu ya matofali, wako mashabiki wanaouliza kwa nini yule mrefu haingii.

Sajini huyo afanye nini? Mambo manne yanaonekana wazi katika yaliyompata jirani.

La kwanza, asimfiche kijana ukweli. Kijana anaweza kuvumilia benchi. Asichoweza kuvumilia ni kutojua kwa nini yuko pale. Akiambiwa, “Wewe unaruka mapema mno, jifunze kusimama, ndipo nitakuita,” ataondoka na kazi ya kufanya. Asipoambiwa kitu, ataondoka na kinyongo.

La pili, ampe kazi inayolingana na kifua chake. Dakika tano za kulinda kikapu, na si zaidi, zikifanywa vizuri, ni shule bora kuliko dakika thelathini za kuzomewa.

La tatu, amkabidhi kwa mkongwe. Kuruta hufunzwa na sajini, lakini hulelewa na koplo anayelala kitanda cha jirani. Mkongwe anayeogopa kunyang'anywa nafasi atamficha kijana ujuzi. Mkongwe anayeheshimiwa ataufungua mfuko wake wote. Kwa hiyo, anayetaka vijana wakue, na awatunzie wazee heshima yao.

La nne, asikubali umati umpangie safu, wala asikatae kuusikiliza. Kamanda asiyesikiliza huanguka katika shimo ambalo kila askari alikuwa ameliona. Kamanda anayefuata kila sauti hafiki popote. Mwenye dhamana husikia yote, kisha huamua peke yake, na matokeo huyabeba yeye, si umati.

Na yule kijana je? Baada ya Paris, Khaman Maluach alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Duke, na huko akawa mchezaji wa kuanza. Msimu wake wa kwanza timu yake ilifika nne bora za nchi nzima. Mzigo wake haukuwa wa mchezo tu. Tarehe 5 Aprili 2025, siku ile ile alipokuwa akicheza nusu fainali, serikali ya Marekani ilitangaza kuzifuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini, kwa sababu ya mgogoro juu ya watu waliorudishwa makwao. Kijana wa miaka kumi na minane akaingia uwanjani huku watu wakiulizana kama ataruhusiwa kubaki nchini humo. Alicheza. Mwezi Juni mwaka huo, katika uteuzi wa ligi kuu, jina lake liliitwa la kumi, akaenda katika timu ya Phoenix Suns. Alipohojiwa mbele ya dunia nzima alibubujikwa na machozi.

Wale waliosema apewe nafasi mapema wanaweza kusema: tuliona kweli. Wale waliosema asiharakishwe wanaweza kusema: tulingoja, na ona. Pande zote mbili zina haki ya kudai sehemu ya machozi yale. Kwa maana kijana hakuachwa benchi mpaka akaoza, wala hakutupwa motoni mpaka akaungua. Alichukuliwa Manila akiwa na miaka kumi na sita, akapewa kidogo. Alichukuliwa Paris akiwa na miaka kumi na saba, akapewa kwa kipimo. Robo fainali iliponyoka kwa pointi kumi tu, na hakuna ajuaye kama safu nyingine ingezipata. Lakini nchi ilirudi nyumbani ikiwa na ushindi wake wa kwanza wa Olimpiki, na ikiwa na kijana mzima wa mwili na moyo.

Wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu. Lakini hawakusema alale chini ya mwembe na kungoja. Mwenye shamba hupalilia, humwagilia, hufukuza nyani, na huvumilia maneno ya wapita njia wanaouliza kwa nini bado hajachuma. Kisha, siku embe likiiva, wapita njia wote husema walijua. Naye huwakatia kila mmoja kipande, maana hata wao, kwa kelele zao, walisaidia kuwafukuza nyani.